Itifaki Imezingatiwa: Mwongozo kwa Aliyepewa Maiki

Kuna maneno mawili ambayo yakitamkwa mahali pake huokoa sherehe nzima: itifaki imezingatiwa. Yakitamkwa ovyo, wazee husinzia vitini, watoto hulilia maji, na pilau hupoa sufuriani huku wapishi wakitazamana. Tanzania na Kenya maneno haya husikika kila wikendi: kwenye mahafali, harusi, uzinduzi wa zahanati, mikutano ya wazazi, hata msibani. Wengi wanaoyatamka hawajawahi kuelezwa yana kazi gani. Mwongozo huu ni wao, na ni wa kila mtu anayeweza kuinuliwa kitini ghafla na mshereheshaji akaambiwa, "Karibu, sema chochote."

Tuanze na maana. Itifaki ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni makubaliano. Kwetu limekuwa utaratibu wa heshima uliokubaliwa: nani ampokee nani, nani akae wapi, nani atajwe kabla ya nani. Serikali huajiri maofisa wa kazi hiyo, kwa sababu balozi akikalishwa pasipo pake, nchi nzima inaweza kununa. Basi mzungumzaji anaposema itifaki imezingatiwa, anaiambia hadhara hivi: nawatambua nyote, kwa vyeo vyenu na kwa mpangilio wenu, na tukubaliane kwamba kila mmoja nimeshamtaja. Ni mapatano ya heshima yanayofungwa kwa sekunde mbili. Kitazame na kitenzi chenyewe. Ile -me- ni ya jambo lililokwisha. Aliyekwisha kuzingatia hana ruhusa ya kuanza kuzingatia upya.

Hatua ya kwanza: jua umepewa nini

Mshereheshaji akikuita, sikiliza kitenzi alichokuitia. Kila kitenzi kina kipimo chake.

Ukiambiwa usalimie, umepewa salamu. Salamu ni jina lako, unakotoka, shukrani zako, kisha kiti. Hapa ndipo maradhi yanapoanzia. Mtu anaitwa asalimie wananchi, anashika maiki, anasimulia safari yake ya asubuhi, anaingia kwenye historia ya barabara ya kata, anatoa msimamo wa chama chake, anawakumbuka walimu wake wa darasa la tatu, na mwisho anasema amesalimia. Hakusalimia. Amehutubia kwa magendo.

Ukiambiwa utoe neno, ni neno. Liko katika umoja. Wingi wake haukuombwa. Chagua jambo moja ulisemalo vizuri, ukae.

Ukipewa risala, umepewa sauti ya watu wengine. Risala husomwa mbele ya mgeni rasmi kwa niaba ya wahitimu, wafanyakazi au wanakijiji, na ina njia yake inayojulikana: kumkaribisha mgeni, historia fupi, mafanikio, changamoto, maombi. Usichomekee lako. Na kwenye maombi, uwe na huruma na mwenye kuombwa. Risala inayoomba uzio, kisima, kompyuta, basi, bwalo na nyumba za walimu kwa pumzi moja humwacha mgeni rasmi hajui aanze na lipi, na mara nyingi haanzi na lolote. Omba mawili, uyatajie na gharama yake. Mgeni atashindwa kusahau.

Ukiambiwa utoe nasaha, umepewa nafasi ya mkubwa kwa wadogo: wahitimu wanaoondoka, maharusi wanaoanza nyumba. Nasaha ni kwa faida ya anayepewa. Bibi harusi anataka kujua namna ya kuishi na mtu. Orodha ya mali ulizochuma wewe haimsaidii.

Hotuba ndiyo yenye haki ya kuchukua muda, na kwa kawaida ni ya mgeni rasmi. Lakini hata hotuba ina wazazi wanaopenda ufupi. Neno hili na khutba ni ndugu wa damu. Khutba ya Ijumaa ina sehemu mbili, imamu hukaa kidogo katikati, hutolewa kabla ya swala, na waumini hutakiwa kunyamaza kimya. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume Muhammad (s.a.w.) ameeleza kwamba urefu wa swala ya mtu na ufupi wa khutba yake ni alama ya ufahamu wake. Kwa hiyo anayeirefusha hotuba kwa kudhani ndivyo inavyopata uzito, amelisahau hata chimbuko la neno alilopewa.

Hatua ya pili: iweke itifaki mahali pake

Sasa umesimama. Meza kuu imejaa. Jicho lako linapita kutoka kofia hadi kofia na moyo unakwenda mbio: nikimsahau mmoja, itakuwaje? Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo iliyozaa orodha ndefu zinazoua sherehe.

Orodha zenyewe zimezidi kurefuka. Chukua kaunti ya Kenya. Katiba ya 2010 ilileta serikali za kaunti 47, na tangu uchaguzi wa 2013 shughuli moja ya kufungua soko inaweza kumkutanisha gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, mwakilishi wadi, kamishna wa kaunti na chifu, kila mmoja na wasaidizi wake. Vuka mpaka uingie Tanzania: mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mbunge, diwani, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, viongozi wa dini, viongozi wa vyama. Wote ni watu wa heshima. Wote wana majina. Na wazungumzaji ni kumi.

Piga hesabu. Wazungumzaji kumi, kila mmoja akitumia dakika 3 kutaja wakubwa, ni nusu saa ambayo hakuna jambo lolote lililosemwa. Chini ya maturubai wamekaa watu 400. Nusu saa yao, ukiijumlisha, ni saa 200 za maisha ya watu: siku nane mchana na usiku, na zaidi. Saa hizo zimekatwa kwa mama aliyefunga genge lake na baba aliyeomba ruhusa kazini. Hakuna sheria ya adabu inayoruhusu kumtoza mtu kiasi hicho bila kumuuliza.

Kwa hiyo fuata kanuni ya watatu. Mtaje mgeni rasmi. Mtaje mwenyeji. Wataje wale ambao shughuli ni yao. Kisha funga mlango kwa maneno yetu mawili. Mfano: "Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu mwenyeji wetu, wahitimu wetu, itifaki imezingatiwa." Maneno 11. Hakuna aliyeonewa, na wahitimu, ambao siku ni yao, wametajwa mapema badala ya kukumbukwa mwishoni pamoja na wauza soda.

Yapo makosa manne ya matumizi, na kila moja lina wapenzi wake.

La kwanza ni kusema itifaki imezingatiwa kisha kuanza kuorodhesha: "Itifaki imezingatiwa, lakini kwa namna ya pekee nimtambue..." Hiyo lakini imeivunja itifaki iliyotangulia. Aliyetajwa kwa namna ya pekee amefurahi, na waliobaki wameambiwa hadharani kwamba wao si wa pekee.

La pili ni kuorodhesha wote mpaka pumzi iishe, halafu kumalizia kwa itifaki imezingatiwa. Hapo maneno hayana kazi tena. Kazi yake ilikuwa kukuepusha na orodha uliyokwisha kuisoma.

La tatu ni kurudia. Mzungumzaji wa kwanza ameshawatambua wageni kwa niaba ya wote. Wa pili, wa tano na wa tisa wanarithi utambulisho huo. Inatosha kusema, "Mgeni rasmi, itifaki iliyotangulia naiheshimu," na kuingia kwenye jambo.

La nne ndilo baya kuliko yote: kuitumia itifaki kumruka hasimu. Mtu anawataja wote wa upande wake kwa jina na cheo, akimfikia mpinzani wake wa uchaguzi uliopita anakimbilia itifaki imezingatiwa. Kila aliyekaa pale ameelewa. Maneno ya heshima yakigeuzwa upanga, kesho hayatafaa tena kwa heshima. Ukiamua kutaja, taja kwa haki. Ukiamua kufupisha, wafupishe wote.

Zipo hadhara ambazo kufupisha hakufai, nazo zijulikane. Kwenye dhifa ya taifa na mapokezi ya wageni wa nje, orodha huandaliwa na wenye kazi hiyo, na msomaji husoma alichopewa. Bungeni nako kuna utaratibu wake: mbunge husema na Spika, ndiyo maana katika hotuba za bajeti aya baada ya aya hufunguliwa kwa "Mheshimiwa Spika." Hiyo ni kanuni ya pale Dodoma. Kuihamishia kwenye kikao cha harusi, ukasema "Mheshimiwa mwenyekiti" kabla ya kila sentensi ya kuahidi mchango, ni kuchosha watu wanaosubiri kusikia kiasi.

Na vijijini, na kwetu Pwani, kumbuka jambo moja: cheo hakiko kwenye barua ya uteuzi peke yake. Yuko mzee aliyeitoa ardhi ya shule. Yuko shehe, yuko padri, yuko mwalimu aliyestaafu aliyemfundisha kila mtu hapo. Kabla ya kusimama, mwulize mwenyeji, "Nani nisimsahau?" Swali hilo moja lina thamani kuliko ukurasa wa vyeo.

Hatua ya tatu: salimia watu, usiwafanyishe mazoezi

Tanzania tuna desturi nzuri ya kusalimia kwa dini zote zilizomo ukumbini: "Asalaam aleikum! Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo!" na watu huitikia kwa furaha. Ni salamu inayowaambia watu kwamba wote ni wa hapa. Ihifadhi. Isipokuwa mara moja inatosha. Anayedai "Sijasikia, rudieni!" mara ya tatu amesikia, anachotaka ni makofi ambayo bado hajayafanyia kazi. Vivyo hivyo na kaulimbiu na "oyee" za vyama. Mkono wa mzee wa miaka sabini ukiinuliwa mara tano kabla ya neno la kwanza la maana, mzee atachoka na maana haitafika.

Hatua ya nne: heshimu maiki na fundi mitambo

Usiipulize maiki. Upepo haujawahi kuwa ujumbe, na aliyekaa karibu na spika ataziba masikio. Usiipige kwa kidole. Sema "habari za mchana" kwa sauti yako ya kawaida. Ukiitikiwa na watu wa nyuma, maiki inafanya kazi. Isogeze mdomoni kwa umbali wa upana wa kiganja, usiishike kichwani kwa ngumi, na usisimame nayo mbele ya spika, maana italia kwa sauti ambayo hakuna itifaki inayoweza kuituliza. Umeme ukikatika, usisubiri jenereta ukiwa umesimama. Sema kwa sauti, fupisha, kaa. Watu watakukumbuka kwa wema.

Hatua ya tano: sema jambo

Kufupisha utambulisho ni kupata nafasi. Nafasi hiyo ijazwe. Sisemi kila hotuba iwe fupi. Mei Mosi ya 1995, katika Uwanja wa Sokoine, Mbeya, Mwalimu Julius Nyerere alizungumza kwa kirefu juu ya sifa za mtu anayefaa kukabidhiwa urais: achukie rushwa, achukie ukabila, achukie udini. Hotuba ile inarudiwa redioni mpaka leo, na vijana waliozaliwa baada yake wanaisikiliza hadi mwisho. Alikuwa akisema kama anayejadiliana na msikilizaji wake: anauliza, anajibu, anacheka, analirudia neno lenye uzito mpaka likae. Urefu haukumdhuru kwa kuwa kila dakika ilikuwa na kitu ndani yake.

Katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka 1951, Karama anasimama mbele ya mfalme na baraza lake na kujitetea kwa siku sita. Hakuna anayemlaumu. Alikuwa mshtakiwa, na kila mkasa aliousimulia ulikuwa hoja. Kipimo ni hicho: kama hujashtakiwa, na unachokisema si hoja, siku sita si zako, na nusu saa pia si yako.

Kenya nayo ina somo la kuchukua. Katika enzi za Marais Jomo Kenyatta na Daniel arap Moi, sikukuu za taifa zilikuwa na desturi: rais husoma hotuba rasmi ya Kiingereza, akiimaliza huwageukia wananchi na kuzungumza nao kwa Kiswahili bila karatasi. Hapo ndipo uwanja ulipoamka. Watu husikiliza wanapohisi wanasemeshwa wao. Kwa hiyo andika kwenye karatasi mambo matatu, usiandike kila neno. Yasome nyumbani kwa sauti ukiwa na saa mezani. Ukiona yamezidi muda uliopewa, kata kabla ya siku, kwa sababu mbele ya watu hakuna mtu anayekata.

Na kama aliyetangulia ameshasema ulilotaka kulisema, mshukuru kwa hilo na uongeze moja lililobaki. Kutangaza "walionitangulia wamesema yote" kisha kuyasema yote upya ni kuwadhulumu watu mara mbili.

Hatua ya sita: shuka

Tuna misamiati mingi ya kushuka na watu wachache wanaoshuka. "Sina mengi ya kusema." "Nisiwachoshe." "Kwa kumalizia." "La mwisho kabisa." "Kwa hayo machache..." Kila moja ni ahadi. Ukisema huna mengi, yawe machache kweli. Ukisema la mwisho, liwe la mwisho, kwa maana wasikilizaji wameshaanza kutafuta viatu vyao. Bungeni kengele humlilia mbunge muda wake unapokwisha, na taarifa rasmi za Bunge huandika kabisa kwamba kengele imelia. Ukumbini kengele hakuna, lakini zipo dalili: mtoto wa tatu amelia, meza ya nyuma imeanza mazungumzo yake, na mgeni rasmi ametazama saa. Hizo ni kengele tatu. Usisubiri ya nne.

Msibani

Hapa pana sheria moja inayozishinda zote: mwenye hadhara ni marehemu, na baada yake wafiwa. Wasifu wa marehemu usomwe taratibu na kwa usahihi. Hakikisha majina ya watoto na mwaka wa kuzaliwa kabla ya kusimama. Salamu za rambirambi ziwe fupi. Kaburi limechimbwa, jua linazama, na mjane amekaa chini tangu alfajiri. Anayeigeuza rambirambi kuwa kampeni amewaibia wafiwa siku yao, na hakuna cheo kinachomsamehe. Itifaki ya msibani ni kumtaja mfiwa kwanza, kabla ya mheshimiwa yeyote.

Kwa kamati na washereheshaji

Lawama zote zisiende kwa wazungumzaji. Ratiba yenye watu 14 wa "kusalimia" imeandikwa na kamati. Waite waketi, watambulishwe kwa pamoja na mtu mmoja, wasimame, wapungiwe mkono, waketi. Mpe kila mzungumzaji dakika zake kwa maandishi siku mbili kabla. Mshereheshaji ajue kusogea taratibu jukwaani muda unapokwisha, kwa tabasamu, na ajue kusema, "Asante sana mheshimiwa, tumekupata vizuri." Hiyo pia ni itifaki, na huenda ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu inahitaji ujasiri mbele ya mkubwa.

Wahenga walituachia kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Waliojua uzito wa ulimi waliwapa heshima hata wasiokuwa na cheo, kwa kuwachagulia maneno na kuwalindia muda. Wikendi hii ukipewa maiki, wataje watatu, sema itifaki imezingatiwa, sema jambo lako, kaa. Aliyekaa juani nyuma ya maturubai anastahili heshima ileile ya aliyekaa meza kuu, na heshima anayoihitaji zaidi kutoka kwako ni muda wake.